Mistari ya Chokaa ya Barabara ya Mashineni

Fausta na wenzako wote mnaovaa reflekta alfajiri, mmeniomba niandike ya kazini kabla sijayasahau. Mimi na kuandika! Nimeishia darasa la tatu, kule ziwani kwetu, mwalimu akisema andika mimi macho yapo dirishani naangalia wanaanika usipa, dagaa wetu wa ziwani. Lakini mdomo ninao, na daftari mmeninunulia, kubwa, la kurasa nyingi, kama vile mnanijua. Basi naandika kama ninavyoongea. Herufi zikilala upande, someni hivyo hivyo.

Vyeo sivisemi. Nimeanza mfagiaji, nimemaliza mfagiaji. Na mshahara nao tuuache, ni mdogo, ukiutajataja unaona aibu.

Siku ya kwanza nilifika sokoni na kanga mbili na viatu vya kanisani. Nilikuwa nimeolewa Mbinga miaka michache tu, mume wangu Osmundi mtu wa kahawa, watu wa Maguu hao, baridi kwao si kitu. Mimi mtoto wa ziwa, nimezoea joto na mchanga. Ilikuwa mwezi wa saba. Ukungu umelala juu ya mabati, masikio yanauma. Akatoka mama mmoja mfupi, kifua kama mlango, kashika fagio la mpini mrefu. Ndiye Mama Ludgera. Alikuwa amefagia mji ule tangu barabara zote ni vumbi.

Nikamwambia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mnyasa?"

"Ndiyo mama."

"Haya. Nyie watu wa ziwani mnafagia kwa kusubiri wimbi lije lichukue. Huku hakuna wimbi. Shika."

Akanipa fagio. Nikafagia kwa nguvu zote, kuanzia chini ya barabara kupanda juu, ili anione hodari. Akaniacha mpaka nikafika juu natweta. Akasema, "Umemaliza? Sasa geuka uangalie." Nikageuka. Nusu ya takataka zimenifuata nyuma, zinashuka taratibu, maganda ya miwa yananicheka. Siku hiyo nilijifunza somo la kwanza: mji wetu ni mlima, ufagie ukishuka nao.

Somo la pili lilikuwa la maji. Mama Ludgera kila baada ya mvua alikuwa hafagii kwanza. Anazunguka na mikono nyuma kama mkaguzi, anaangalia mchanga umelala wapi, maganda ya kahawa yamejipanga wapi. Akaniambia, "Maji yakipita yanaacha nyayo. Wewe usizifute hizo kabla hujazisoma." Nikamwambia mama mimi kusoma kwangu ni kwa shida. Akasema, "Hii haina herufi, Mnyasa. Hata wewe utaweza."

Kulikuwa na mwaka mtaro wa sokoni uliziba, maji yakaingia mpaka kwa wauza nguo. Wakaletwa wanaume na masururu, wakachimba siku mbili juu kabisa karibu na geti. Hakuna kitu. Mama Ludgera akaja, akaangalia mstari wa maganda pale ukutani, akasimama hatua kama thelathini chini yao, akagonga ardhi na mpini. "Chimbeni hapa." Wakacheka. Wakachimba. Likatoka godoro la mtoto, zima, limekunjwa limejaa tope. Wale wanaume hawakucheka tena, ila mmoja aliuliza kama mtoto yumo.

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia habari ya ngolo. Nyinyi wa vijiji vya huku, Ruanda na Ukata, mnazijua, ila kuna msomaji labda ametoka mbali: ngolo ni yale mashimo ambayo Wamatengo wanachimba shambani kwenye mteremko, shimo na tuta, shimo na tuta, mlima mzima. Mvua ikinyesha maji yanaingia shimoni, yanakaa, udongo hauondoki. "Sisi hatushindani na maji," akasema. "Tunayapa pa kukaa. Mtu akiwa na hasira ukimpa kiti, si anatulia?" Nikamwambia na ninyi mnapenda mashimo mpaka mnaongea kama mmekaa humo. Akanipiga na kanga.

Mama Ludgera alistaafu, akafariki miaka kadhaa baadaye, Mungu amlaze. Fagio lake nililirithi mimi, nimebadilisha mpini mara nne na vijiti sijui mara ngapi, lakini ni lile lile.

Sasa niwaambie mwaka wangu wa mwisho, maana huo ndio mlionitumia daftari mkitaka niueleze. Nilikuwa nimebakiza miezi sita nistaafu. Nikasema nimalize kimya kimya, nisivunje kitu, nisigombane na mtu. Mtu akisema hivyo, wewe jua shetani amesikia.

Pale kona ya stendi walikuwa wanakaa akina mama wa biashara ndogondogo, kumi na wawili, chini kabisa, karibu na magurudumu. Mmoja ni Mama Sekunda, muuza usipa na mbasa, samaki wake wanapanda kutoka Mbamba Bay asubuhi. Mnamjua, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Msimu wa kahawa mwaka uliotangulia, lori limejaa magunia likarudi nyuma, likapanda beseni lake. Yeye aliruka, akaangukia mguu. Mpaka leo akitembea utafikiri anamkwepa mtu. Alilia siku ile, mimi ndiye nilikuwa nazoa samaki barabarani na beleshi. Aliniambia, "Mama Bena, siku nyingine litapanda mimi."

Ndipo ukaja mradi. Wenyewe wanauita ubunifu wa muda. Watu wa mradi wakasema tutachukua Barabara ya Mashineni, ile fupi inayoshuka kutoka ukuta wa kanisa kwenda mashine ya kusaga, tutaifunga magari kwa miezi sita, akina mama wakae pale na meza za mbao, watu watembee kwa miguu. Ikifaa, itabaki. Isipofaa, inarudi kwa malori. Kwa sababu ni majaribio, rangi ya barabarani hairuhusiwi. Mistari ya kuonyesha nani akae wapi itachorwa kwa chokaa.

Jambo zuri kabisa! Mama Sekunda alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mashineni wakabweka.

Mradi ulikuwa na watu wawili hapa kwetu. Dada Rahabu, wa kuongea na watu, msichana mpole kutoka Dar, anakusalimia mpaka unasikia haya. Na Injinia, wa kupima, kijana mwembamba na tepu yake kiunoni. Upande wetu wa serikali alikuwepo Mtendaji wa mtaa, Otmari, mtoto mzuri, ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuamua. Ukimwambia Mtendaji, mbuzi ameingia ofisini, atakujibu, "Ngoja niulize juu." Na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hyera, ambaye anasikia vizuri anapotaka.

Ijumaa jioni, mimi nimeshakwenda nyumbani, Injinia akachora mistari yote. Mchana kutwa amepima, ametoa namba, amechora, akamaliza, akapanda gari kwenda Songea. Kesho yake saa nne ndiyo uzinduzi.

Wafagiaji nani alituambia habari ya chokaa? Hakuna. Mfagiaji haambiwi kitu, mfagiaji anakuta.

Jumamosi saa kumi na mbili nikakuta. Barabara yangu ya Mashineni, niliyoiacha safi, imepigwa chokaa kila mahali. Miraba, mishale, duara. Wakati ule shule jirani walikuwa wanapaka chokaa madarasa, na watoto wao nawajua. Nikasema, "Hawa watoto hawana adabu, na leo kuna wageni!" Nikafagia. Chokaa ikabaki weupe weupe. Nikachota maji mashineni, ndoo kama kumi na tano, nikasugua. Mgongo unalia. Saa mbili barabara inang'aa, ungeweza kula ugali juu yake. Nikasimama pale juu nimeegemea fagio, najisikia kama nimejenga kanisa.

Dada Rahabu akafika. Akasimama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Shikamoo Mama Bena."

"Marahaba mwanangu. Umeona?"

"Naona. Mama... mistari iko wapi?"

"Ile chafu ya watoto? Nimeitoa yote," nikasema, na meno yote nje.

Akakaa chini, pale pale, na gauni lake jeupe. Ndipo nikaelewa.

Akampigia Injinia: hapatikani, ameshatoka Songea kwenda kupima mji mwingine, yuko milimani huko njiani, mtandao hakuna. Mchoro wa karatasi amekwenda nao. Otmari akaja anakimbia, akasema, "Ngoja niulize juu," akapiga simu, juu nao wamelala, Jumamosi. Huku Mama Sekunda na wenzake wanateremka na mabeseni kichwani, wanaimba.

Rahabu akanishika mkono. "Mama, wewe uliiona mistari. Unakumbuka ilikuwa wapi?"

Nikasema, "Nakumbuka."

Wanangu, nilikumbuka nusu. Hata nusu nimejipendelea. Lakini wale kinamama wanashuka wanaimba, ningesema nini?

Nikaomba chokaa shuleni, nikachukua kopo la maziwa, nikalitoboa matundu chini, nikaanza kuchora. Hatua tatu za kwanza nilijaribu kukumbuka ya Injinia. Mistari miwili imenyooka, kushoto na kulia, njia katikati. Halafu nikafika pale ukuta wa kanisa unapoishia, mkono ukakataa. Pale maji ya mvua yanaingia kutoka juu, yanakata barabara mshazari, yanakwenda kutua kona ya chini mbele ya mashine. Miaka yote nimezoa mchanga pale. Utamweka mtu pale? Na hiyo kona ya chini ndiko Injinia alikomweka Mama Sekunda, nilikumbuka vizuri kwa sababu alichora samaki.

Basi nikaupinda mstari. Nikaacha uwazi mshazari, upana wa toroli mbili. Mama Sekunda nikamvuta upande wa pili, juu kidogo, penye kivuli cha mchana. Kona ya chini nikachora mraba mkubwa mtupu, sikumpangia mtu. Moyoni nikasema, Mama Ludgera, hii ni ngolo yako, imefika mjini.

Uzinduzi ukafana. Wageni wakatembea, wakapiga picha. Mgeni mmoja akauliza huu mstari umepinda kwa nini. Rahabu akasema ni muundo wa kisasa. Mimi nyuma ya umati nafagia pasipo na taka.

Chokaa inafutika kwa miguu ya watu, kwa hiyo kila Jumamosi alfajiri ilibidi ichorwe upya, na kwa kuwa mimi ndiye "ninayekumbuka," kazi ikawa yangu. Kwa hiyo niliuchora uongo wangu upya kila wiki, kwa mkono wangu, unanyooka zaidi kila mara. Na Injinia alikuwa amepelekwa kupima miji mingine, akipiga simu anaambiwa mistari ipo, inatunzwa vizuri sana.

Na barabara ikapendeza! Watoto wakauzoea ule mraba mtupu, wanacheza rede humo. Wazee wakapata benchi. Mama Sekunda akawa anamaliza beseni kabla ya saa saba, halafu anakaa kutaniana.

"Mama Bena, mbona wewe Mnyasa huuzi samaki unafagia?"

"Nafagia magamba yako, Mmatengo unayeuza samaki usiowajua kuvua."

"Nitavua wapi, kwenye ngolo?"

Mwezi wa kumi na moja mvua ya kwanza ikashuka. Mnazijua zetu, hazipigi hodi. Nilikuwa nimejikinga kwenye kibaraza cha mashine, roho juu. Maji yakaja kutoka ukuta wa kanisa, mekundu, yakafika kwenye ule uwazi, yakakata mshazari, yakashuka kwenye mraba, yakakaa. Yakajaa humo kama bakuli, halafu taratibu yakaingia mtaroni. Meza hakuna iliyoguswa. Usipa wa Mama Sekunda wakavu vile vile. Akina mama wakapiga makofi, "Huyo Injinia ana akili! Kapajulia wapi!" Mama Sekunda akasema anamweka kwenye rozari yake. Mimi nikasema amina.

Ingeishia hapo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Imebaki wiki tatu nistaafu, Injinia akarudi kufunga majaribio na kuandika ripoti. Jumatatu asubuhi, kafungua mchoro, katoa tepu. Mimi niko na kizoleo changu hatua chache, najifanya nazoa. Akapima mara moja. Akapima mara ya pili. Akageuza karatasi juu chini.

"Rahabu, huu mstari umetoka wapi?"

"Si wako?"

"Wangu umenyooka."

Nikahisi kama lile lori la kahawa linarudi nyuma kuja kwangu.

Injinia hakuwa mtu mbaya, nataka mjue. Aliwaeleza akina mama polepole. Alisema majaribio ni kama mboga: akitia chumvi mmoja, mnaonja mnajua. Wakitia wawili kila mtu kwa siri yake, huwezi kujua ni ya nani iliyokolea. Mradi hauruhusu mtu kuhamisha mstari bila kuandikwa. Kwa hiyo ni mawili: ama arudishe mistari kama mchoro ulivyo, kisha majaribio yaongezewe muda, yarudiwe hivyo masika yote, ama aandike kwamba majaribio yamevurugika. Na yakivurugika, barabara inarudi kwa malori.

Nyie mnaona? Mistari ikirudi, Mama Sekunda na wengine watano watakaa ndani ya maji masika yote. Ikivurugika, kona ya stendi inawasubiri. Mama Sekunda alisimama na ule mguu wake akasema kwa sauti ya chini, ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kule sirudi. Mnifunge tu biashara."

Nyumbani nilishindwa kula. Osmundi akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamweleza yote. Akatafuna, akameza, akasema, "Miezi yote hii unajua, na mimi ninalala hapa hapa?" Halafu akasema, "Kaseme. Kukufukuza wiki tatu kabla, watajisumbua bure."

Kesho yake kikao cha mtaa kikakaa kwenye banda la mashine, maana ofisi ya mtaa inaenea watu wanane. Mzee Hyera mbele, Otmari na mafaili, Injinia na Rahabu, akina mama wote, na watu wa kawaida ambao hawakosi kikao. Watu wakaanza kulaumiana. Huyu anasema vijana wa bodaboda wamehamisha, yule anasema ni mambo ya siasa. Nikanyoosha mkono. Mzee Hyera akawa hanioni. Nikasimama na fagio langu.

"Ndugu mwenyekiti, mistari ya Injinia niliifuta mimi, siku ile ile ya kwanza, nikidhani ni ya watoto. Na iliyopo nimeichora mimi. Dada Rahabu na Mtendaji walijua nimeirudishia, hawakujua kwamba nimeipinda. Mwenye kosa ndiye mimi."

Vichwa vyote vikanigeukia.

Halafu Mama Sekunda, kwa sauti yake ya kawaida: "Wewe! Na mimi miezi yote namwombea Injinia rozari!"

Banda zima likacheka, hata Injinia. Lakini Mzee Hyera hakucheka. Akaniuliza, "Kwa nini ulipinda?"

Nikasema nikisema hamtaelewa, twendeni. Tukatoka wote. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake na mimi nilikuwa sijafagia, kwa makusudi. Nikamwonyesha Injinia kwa mpini: mchanga huu hapa, maganda ya kahawa haya, majani haya yamejipanga kama watoto wa gwaride, kutoka ukuta wa kanisa mpaka kwenye mraba. "Hizi ni nyayo," nikamwambia. "Maji yamepita hapa kabla ya wewe kuzaliwa." Akachuchumaa. Akafuata ule mstari wa maganda kwa kidole, amechuchumaa hivyo hivyo mpaka chini, suruali imepata tope. Akanyanyuka, akasema, "Mimi nilipima wakati wa kiangazi."

"Basi hujakosea," nikamwambia. "Hukuambiwa tu."

Akasema, "Mama, mimi kama mimi nakubali. Lakini sina mamlaka ya kubadilisha. Makubaliano yanasema mistari inaweza kurekebishwa na mamlaka ya eneo, kwa kikao na maandishi. Mkifanya hivyo leo, mimi ninaandika kilichotokea, chote, na majaribio hayajavurugika."

Watu wote wakageuka. Mamlaka ya eneo ni nani? Tukaangaliana. Mama mmoja akasema ni mkoa. Mwingine akasema Dodoma. Otmari akatoa simu mfukoni, jasho linamtoka na baridi ile. "Ngoja niulize juu."

Akapiga halmashauri. Akaweka spika. Akaeleza vizuri sana, mtoto ana lugha. Yule bwana wa upande wa pili akasema subiri. Tukasubiri. Akarudi, akasema nimewauliza wa juu yangu, wanauliza hiyo karatasi ya makubaliano unayo?

"Ninayo mheshimiwa."

"Ukurasa wa mwisho, nani amesaini kwa niaba ya mamlaka ya eneo?"

Otmari akafungua. Akaangalia. Akaangalia tena kama vile sahihi itabadilika.

"Mheshimiwa... ni mwenyekiti wa mtaa. Na mimi."

"Sasa unaniuliza mimi nini?" Simu ikakatwa.

Otmari alikaa juu ya gunia la pumba lililokuwa mlangoni. Miezi yote ile alikuwa anaomba ruhusa kwa watu ya kitu ambacho kimo kwenye faili lake mwenyewe, na jina lake chini. Nilimwonea huruma, maana na mimi miezi ile ile nilikuwa nakificha kitu ambacho ningesema tu.

Mzee Hyera, ambaye sasa alikuwa anasikia vizuri kabisa, akasema, "Kumbe barabara ni yetu. Nani anaafiki mistari ya Mama Bena ibaki?" Mikono ikapanda. Mama Sekunda kainua yote miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Otmari akaandika muhtasari pale pale juu ya goti, akasaini, hakuuliza mtu.

Jamani, raha niliyoisikia! Kama umebeba ndoo ya maji kutoka bondeni, umesahau kuwa unayo kichwani, mtu akakutua. Nilikwenda nyumbani nikala ugali wa watu wawili. Osmundi akaniangalia tu, akasogeza na mboga yake.

Injinia aliandika ripoti yake, akaandika na kosa lake na kosa langu, na muhtasari wa mtaa akaubandika. Barabara ya Mashineni haikurudi kwa malori. Baadaye watu wa mradi wakasema sasa mnaweza kupiga rangi ya kudumu. Otmari akasema hapana, kikao cha mtaa kimeamua chokaa ibaki, ili tukiona tumekosea tuhamishe. Hakuuliza juu. Nilisikia hivyo nikasema huyu mtoto amepona.

Siku yangu ya mwisho nilifagia kama siku zote, nikishuka. Nikakupa wewe Fausta kopo la matundu, na fagio la Mama Ludgera, mpini utabadilisha mwenyewe.

Sasa mimi nikija sokoni nakuja na kikapu, kama bibi wa watu, natembea katikati ya barabara kwa maringo. Jumamosi iliyopita nimenunua usipa kwa Mama Sekunda, akanitania kwamba nimenenepa tangu niache kuzoa magamba yake. Nikashuka mpaka kwenye mraba. Nikakukuta Fausta umeinama na kopo, chokaa mpaka kwenye kope. Ukanisalimia, ukaniuliza, "Bibi, hapa kwenye kona maji siku hizi yanasogea kidogo upande wa mashine. Mstari niuache ulipokuwa au niusogeze?"

Nikaangalia. Nilikuwa na jibu, ulimi ulishaanza kutoka nje.

Nikakwambia, "Nani anafagia hapa?"

"Mimi, bibi."

"Sasa unaniuliza mimi nini?"

Ukacheka, ukainama, ukausogeza. Nimekwenda zangu nyumbani kukaanga usipa.